Risala ya wakulima wa bustani za mabwawani kwa Mheshimiwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu na wanakikundi wenzangu, shikamooni na karibuni sana, tunamshukuru Mungu leo umefika maana viti tulishapanga mara mbili ukapata udhuru.

Kikundi tulianza 2016 tukiwa 9, leo tupo 34. Tumepiga hatua kubwa mno, tuna pampu, toroli 2, akaunti benki, na mchicha wetu unalisha karibu mji mzima.

Mheshimiwa, jambo lenyewe ni hili. Tunamwagilia maji ya mabwawa ya majitaka na mbolea yetu ni lile tope likishakauka. Bwawa linapunguza vijidudu kweli, ila hizi kemikali za PFAS, za kwenye povu la zimamoto, vikaango visivyogandisha na nguo zisizoloa, zenyewe haziozi, zinapita bwawani na nyingine zinanasa kwenye tope tunalolishika kwa mikono. Kule Maine, Marekani, walimwaga tope mashambani miaka na miaka, zikaja kukutwa kwenye maziwa ya ng'ombe na visimani, 2022 wakapiga marufuku. Sisi hatusemi zimo wala hazimo, hatujapimiwa.

Mgeni rasmi wa 2022 aliahidi vipimo ndani ya mwezi, tukampigia makofi. Wa 2024 akaondoka na chupa 2 za maji, zile za dukani tulizosuuza wenyewe, mpaka leo hata meseji hakuna. Kijana wetu aliyesomea maabara akatuambia zile zisingefaa, chupa inatakiwa ya plastiki ya HDPE iliyothibitishwa safi, isiwe na Teflon, ule utando wa vikaango visivyogandisha, hata kwenye kizibo, ikae kwenye barafu, maana kinachotafutwa kinahesabiwa kwa nanogramu, yaani sehemu ya bilioni ya gramu. Kipimo chenyewe ni cha EPA, shirika la mazingira la Marekani, namba 1633, kilikamilishwa 2024, kinasoma aina 40 za PFAS kwenye majitaka na tope.

Deli la barafu tumeshanunua, lile la bluu hapo pembeni. Tunaomba utulipie upimaji wa sampuli 5 tu, maji yanayoingia bwawani, yanayotoka, tope, udongo wa bustani, na chupa ya maji safi ya kufunguliwa hapohapo bustanini ijulikane kama uchafu umetoka kwenye mikono ya mchukuaji. Maabara 2 tulizoulizia wamesema mashine hawana, kwa hiyo na usafiri upo humo. Majibu yaje kwetu kwa karatasi, yawe mazuri yawe mabaya, mchicha huu wanakula wajawazito wetu.

Barua ipo mezani mbele yako Mheshimiwa, pa saini na tarehe tumeacha wazi, tunaomba uisaini kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.