Mpwa wangu, mwachie mwenzako aongelee mapezi

Mpwa wangu,

Marahaba, nimeipokea kabla hujaitoa. Mama yako ameniambia timu yenu itawasilisha roketi yake ya chupa, ile inayorushwa kwa maji na hewa ya pampu, mbele ya majaji, na wewe ndiye utakayesimama kwa sababu Kiingereza chako kinateleza. Hongera. Ila nina neno, na nalisema hadharani maana si ninyi tu mnaofanya hivi hapa Kigoma: mjuzi wa kuongea anapewa meza, aliyetengeneza anaambiwa ashike bango.

Jumamosi pale Kibirizi niliwaangalia. Chupa ya soda (vizuri, ile ya maji ni laini mno kwa presha), valvu ya tyubu ya baiskeli kwenye kizibo, maji kama theluthi, pampu imewekwa mbali. Ikapaa, halafu ikakunja kuelekea ziwani. Watu wakaangua kicheko: upepo unatoka ziwani, roketi nayo inaufuata huko huko! Wewe ukasema ni bahati mbaya. Yule binti aliyekata mapezi, yale mabawa madogo ya mkiani, kwenye dumu la mawese akanong'ona, "Mapezi ni makubwa mno." Hakuna aliyemsikiliza.

Na ndivyo ilivyo. Pezi kubwa linashikwa na upepo wa ubavuni. Mkia unasukumwa, pua inageukia upepo unakotoka. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya mahali nguvu ya hewa inapoelemea, walau kwa umbali wa kipenyo kimoja cha chupa. Ukipunguza hapo, roketi inapiga pindu. Ukizidisha sana, inakimbilia upepo kama yenu. Binti huyo alikuwa ameshaipima: alifunga uzi pale chupa inapokaa sawa kidoleni, akaizungusha juu ya kichwa, akaangalia kama pua inatangulia. Wewe wakati huo ulikuwa unachagua rangi.

Sasa jaji akiuliza kwa nini mapezi matatu na si manne, utasema nini? Yule binti atasema matatu yanatosha kuinyoosha, la nne linaongeza uzito na ukinzani wa hewa. Jibu la sekunde tano, lakini la mtu aliyeshika mkasi.

Kuna kisa cha Robert Goddard, ukikihitaji. Tarehe 16 Machi 1926, huko Massachusetts, alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika. Injini aliiweka juu na matangi chini, akiamini ikivutwa kutoka juu itatulia. Haisaidii kitu, na baadaye akaihamishia chini. Ile ya kwanza ilipanda kama mita 12 tu. Lakini usifungue nacho, tafadhali. Kila timu inafungua na Wamarekani, majaji wanaanza kuangalia saa.

Wewe fungua, tambulisha timu, eleza majaribio, pamoja na lile la ziwani, usilifiche. Kwenye mapezi mpishe yule binti. Mpe roketi na uzi mkononi; Kiingereza kikimkwama, aizungushe waone wenyewe. Na kama majaji wanaruhusu Kiswahili, ombeni mapema, si mkiwa mmeshasimama.

Mapezi mapya, madogo, kateni wiki hii. Dumu lingine liko jikoni kwa bibi yako, mwambie nimeruhusu mimi. Lisugueni kwa sabuni na maji ya moto, mawese yakibaki gundi haishiki.

Mjomba wako,
Ujiji