Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maganda Tuliyoyapoteza

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na kumbukumbu za mikutano mnazo tayari, kwa hiyo mimi nitabaki bustanini. Uchavushaji wa airisi zetu, maua tunayoyapanda, mwaka huu ulikwenda vizuri. Mbegu tulizipoteza baadaye, tangu ganda la mbegu lilipovimba hadi lilipopasuka, na mara nyingi waharibifu tulikuwa sisi wenyewe.

Wapya wameniuliza sana: nichume lini? Airisi yenye ndevu (ile yenye vinyweleo kama ndevu kwenye petali za chini) huchukua takriban wiki 8 tangu kuchavushwa hadi ganda kukomaa, lakini kalenda ni ya kukukumbusha tu uanze kuchungulia. Kijani hufifia, ngozi ya ganda hukauka ikawa kahawia, kisha ncha hufanya ufa. Chuma siku hiyohiyo. Mwenzetu mmoja alichuma maganda yangali mabichi ili awahi safari, akakuta mbegu nyeupe, laini, zisizofaa kitu. Mimi nilikosea upande wa pili: nilichelewa siku 2, nikakuta vyumba vyote 3 vya ganda vitupu na mbegu zimemwagika chini pamoja na za ganda la jirani. Siku hizi kila ganda langu linavaa kipande cha soksi ya nailoni. Wanaopita hucheka, nami nawaacha wacheke.

Bua likivunjwa na upepo, msilitupe. Likateni refu, litieni kwenye chupa ya maji mahali penye mwanga, na maji yabadilishwe. Ganda lililokwisha kaa wiki 6 hivi mmeani mara nyingi hukomaa humo humo. Ila ni afadhali kulifunga bua kwenye kijiti mapema, maana maganda yakijaa huwa mazito. Ondoeni pia ua lililonyauka kwenye ncha ya ganda. Likilowa mvua huoza, na uozo hushuka ndani.

Mbegu zitandazeni kwenye sahani. Zitakunjamana na kupungua. Ndivyo zilivyo, msishtuke. Zikikauka zitieni kwenye bahasha za karatasi. Waliotumia mifuko ya plastiki walituletea ukungu.

Sasa lebo. Jina la mama, yaani mmea uliobeba ganda, huandikwa kwanza, kisha alama ya kuzidisha, kisha baba aliyetoa chavua. Sanduku letu la mbegu lilipokea bahasha zilizoandikwa "zambarau nzuri" na hakuna zaidi. Nimpe nani, nikimwambia nini? Mpandaji atangoja miaka 2 au 3 kuliona ua la kwanza, na anastahili kujua anangoja mtoto wa nani.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwakani tusipokee bahasha isiyo na majina ya wazazi wote wawili na mwaka wa kuchuma. Kama chavua ililetwa na nyuki na baba hajulikani, andikeni "nyuki". Tutalipigia kura pendekezo hili baada ya taarifa ya mhazini.

Mwenyekiti