Kujiajiri ni suala la kalenda kabla ya kuwa suala la uthubutu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa vijana na ajira, ambao huibuka kila msimu wa mahafali na kila mara huishia kwenye wito uleule: acheni kusubiri kuajiriwa, jiajirini. Sina ugomvi na wito huo. Mimi mwenyewe niliacha ajira, na sasa natunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo hapa jijini Mbeya, nikilipwa kwa kazi na si kwa mwezi. Lakini kwa kuwa madaftari ya watu hupita mikononi mwangu, naona jambo ambalo wageni rasmi wa mahafali hawaligusi, nalo ni kwamba aliyejiajiri huanguka mara nyingi akiwa na uthubutu wa kutosha kabisa, kwa sababu tu fedha zake huingia mwezi mmoja na madai yake huja mwezi mwingine.

Chukua duka la pembejeo. Mvua zinapoanza Novemba, mkulima wa Mbalizi au Inyala anahitaji mbegu na mbolea wakati ambao hana kitu mfukoni, na mwenye duka, akijua kwamba asipompa atakwenda kwa jirani, humkopesha kwa ahadi ya kulipwa mahindi yakivunwa, yaani katikati ya mwaka. Katika daftari mojawapo ninalolitunza, kurasa za Desemba na Januari zimejaa majina ya wadaiwa, na upande wa fedha taslimu kuna mistari michache ya vitu vidogo vidogo. Januari hiyohiyo shule zinafunguliwa na mwenye fremu anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukimkuta mwenye duka huyo Julai utadhani ni tajiri. Ukimkuta Februari, anaazima nauli ya bajaji. Vitabu vinasema ana faida, na vinasema kweli, ila faida hiyo iko mifukoni mwa watu wengine.

Mshahara, hata ukiwa mdogo, huja Februari. Tena hauji peke yake. Mwajiriwa wa sekta binafsi anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi huchangiwa na mwajiri wake angalau asilimia 10 katika NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hivyo ujira wake halisi ni 660,000, bila kuhesabu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi utakaomshughulikia akiumia kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, na akiugua ana hadi siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na iliyobaki kwa nusu mshahara. Kwa hiyo anayetaka kuacha kazi hiyo ili auze ujuzi wake mwenyewe, akitaka kupumzika mwezi mmoja kama alivyozoea, lazima aingize kama 720,000 katika kila mmoja wa miezi 11 anayofanya kazi, baada ya kutoa gharama za vifaa, bando na nauli, ndipo awe pale alipokuwa. Vijana wengi wanaonijia hulinganisha kile kinachoingia benki mwisho wa mwezi na kile wanachotarajia kuuza, na hapo hesabu inapinda tangu mwanzo.

Ninaposema ajira, nina maana ya ajira yenye mkataba wa maandishi na michango inayopelekwa kweli. Zipo nyingine nyingi mjini hapa, katika nyumba za wageni, shule binafsi na maduka ya jumla, ambako mtu hufanya kazi miaka mitatu na siku anapokwenda kuangalia michango yake hakuti kitu. Hicho ni kibarua kilichovaa tai, na anayekiacha hajapoteza mengi.

Kati ya mwajiriwa na mfanyabiashara yupo mtu ambaye hotuba humsahau: fundi umeme, mpima ardhi, mpiga picha, mtengeneza programu, mhasibu kama mimi, ambaye hana bosi wala duka. Wengi tunaanzia hapa kwa kuwa mtaji ni mdogo. Adha yetu kubwa ni kulipwa kwa kuchelewa, na taasisi zinaweza kuchelewa kuliko mtu binafsi. Kuna pia asilimia 5 ya kodi ya zuio ambayo mteja hukata kwenye ada ya huduma. Kodi hiyo si hasara iwapo utapewa hati yake, kwa sababu hupunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka. Lakini vijana wengi huona aibu kuidai, na mteja hujifanya amesahau. Wala haturuhusiwi kusahau uzee: NSSF hupokea aliyejiajiri, na pensheni hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, kwa hiyo aliyeacha ajira baada ya miaka 12 akaacha na kuchangia ameacha nyuma zaidi ya anavyodhani.

Watumishi wa Mafinga na Njombe, ambao wengine huwacheka kwa kung'ang'ania ajira, naona wamelielewa jambo hili vizuri kutuzidi. Wanapanda misindano na parachichi kwa mshahara. Mparachichi uliobebeshwa, yaani ulioungwa kwenye shina la mche mwingine, huhitaji takriban miaka mitatu kuanza kuzaa, na msindano wa mbao huhitaji zaidi ya miaka kumi. Biashara ya namna hiyo inamfaa mtu mwenye chakula kutoka mahali pengine, na humtesa aliyeacha kazi ili aisubiri. Kijana asiye na mshahara aanze na kile kinacholipa kwa wiki.

Hapo ndipo ninapoziomba halmashauri za nyanda hizi. Asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilirejea kukopeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Ratiba ya marejesho ipangwe kwa kuangalia kikundi kinapata fedha lini. Wafuga kuku wa mayai wanaweza kurejesha kila mwezi. Kikundi cha mpunga cha Mbarali hakiwezi, na kukidai Februari ni kukilazimisha kuuza mpunga ungali shambani, kwa bei anayoitaja mnunuzi.

Msomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya