Kwa mwanangu uliyeko Kalgoorlie, Australia Magharibi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika. Sisi huku wazima, na bibi yako anaendelea vizuri. Picha ya lile shimo la mgodi nimeiona. Ila pale ulipoandika kwamba jangwa lilikuwa tupu hadi Paddy Hannan alipookota dhahabu mwaka 1893, hapo sikukubali.

Lilikuwa na wenyewe, Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, na wenyewe ndio waliojua maji yalipo. Bomba la maji kutoka upande wa pwani lilifika mwaka 1903. Kabla ya hapo, mtafuta dhahabu aliyejitosa jangwani alikunywa maji ya Waaborijini au alikufa kwa kiu.

David Carnegie, mtoto wa kabaila wa Uskoti, aliondoka Coolgardie, jirani na hapo ulipo, Julai 1896 na wenzake na ngamia, akivuka jangwa kuelekea Halls Creek, kaskazini. Wakiona moshi wa Waaborijini, wanawaendea na kumkimbiza mmoja hadi wamkamate. Wanamfunga kamba, wanamlisha nyama ya chumvi, maji wanamnyima. Koo likishamkauka, atawapeleka kisimani mwenyewe. Wakifika, kijishimo kilichotosha familia kinachimbuliwa na kunywewa na ngamia. Chemchemi moja ya pangoni waliyoonyeshwa hivyo akaipa jina la heshima ya malkia wa Uingereza!

Haya hayakusemwa na maadui zake. Aliyaandika mwenyewe, akijitetea kwamba bila hivyo wangekufa. Sasa nani aliwatuma? (Mwaka 1900, akiwa ofisa wa Waingereza kule Nigeria, aliuawa kwa mshale wa sumu.)

Mwaka 1906 Alfred Canning akaenda kupima njia ya ng'ombe kutoka Wiluna hadi Halls Creek, naye akabeba minyororo ya kuwafungia watu. Waliporudi, mpishi wa msafara, Edward Blake, akamshtaki kwa ukatili huo. Tume ya uchunguzi ya mwaka 1908 ikamsafisha Canning. Mpishi, mwanangu! Wasomi wote wale, aliyesema ni mpishi.

Nawe unasomea kazi hiyohiyo ya kutafuta madini. Kabla hujakubali kwenda kutafiti porini, uliza kama wenye ardhi wameridhia. Wa kuulizwa wapo: Wamartu, kwa mfano, Waaborijini wa jangwa hilo, mahakama ilitambua haki yao ya ardhi mwaka 2002. Ukijibiwa kwamba hayo hayakuhusu, niandikie upesi, tushauriane.

Mama anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.