Barua ya malalamiko: Mmeing'oa zebaki ya barometa yangu

Leicester, Uingereza

Kwa Meneja,
Karakana ya Ukarabati wa Ala za Kale,
London.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKARABATI WA BAROMETA

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Januari niliwaletea barometa ya zebaki ya ukutani, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa ili kubashiri mvua au jua, ya umbo la banjo (kama gitaa dogo la duara), yenye uso wa inchi 8. Risiti yenu ninayo, na imeandikwa kazi mbili tu: kubadilisha uzi uliokatika na kusafisha kioo. Juzi nimerudishiwa kitu kingine kabisa.

Nilipofungua mlango wa nyuma, mrija wa kioo haukuwepo. Awali ulikuwa umesimama ndani ya mfereji uliochongwa kwa patasi, ukapinda chini kama ndoana. Juu ya zebaki ya upande ule mfupi kilielea kipande kidogo cha kioo, kimefungwa uzi. Uzi ukapita juu ya kapi, na kapi ndilo lililozungusha mshale. Mtambo huo aliubuni Robert Hooke miaka ya 1660, na hadi mwaka jana ulikuwa unanifanyia kazi. Mahali pake mmekata tundu la mviringo kwa msumeno, mkabandika kwa gundi kikebe cha aneroidi, yaani barometa isiyotumia zebaki. Jamani! Aneroidi ilibuniwa na Mfaransa Lucien Vidie mwaka 1844. Kasha hili ni la miaka ya 1820, na kwenye kibamba cha pimamaji limechongwa jina la fundi wa Holborn, mtaa wa London, mmoja wa wale Waitalia waliohamia London kutoka pande za Ziwa Como. Mahogani aliyoichagua yule bwana mmeikata, na haioti tena.

Uso wake nao umeniliza. Ule weupe haukuwa rangi. Ni kloridi ya fedha, chumvi na kirimu ya tartari (unga mchachu), vilivyosuguliwa kwa mkono juu ya shaba mpaka shaba ikavaa fedha. Ninyi mmeupitishia dawa ya kung'arishia vitasa. Sasa ni njano tupu, na nta nyeusi iliyojaza herufi za maneno ya hali ya hewa imebanduka. Neno la mvua nalitambua kwa kupapasa tu. Hata ile ndevu ya suke la oti mwitu, iliyokuwa ikijisokota na kujisokotoa kufuata unyevu wa hewa, imenyofolewa.

Nilipopiga simu niliambiwa kuwa sheria imepiga marufuku zebaki. Si kweli kwa chombo hiki. Katazo la Ulaya lililoanza kwa barometa mwaka 2009 lilihusu kuuza vipya. Vilivyokuwa vimetimiza zaidi ya miaka 50 mwaka 2007 viliachwa. Na hata kama mngekuwa na wasiwasi, mlikuwa na namba yangu. Kwa nini hamkuniuliza?

Barometa hii aliniachia jirani yangu, mwalimu mstaafu niliyemuuguza miaka 6. Kila asubuhi aligonga kioo kwa kucha, taratibu, mshale ukasogea unywele mmoja, naye akaniambia nianike nguo au nisianike. Baada ya mazishi nikaendelea kugonga mimi. Leo nikigonga, mshale hautikisiki.

Nataka mnirudishie mrija, kile kipande cha kioo, kapi na vipande vyote mlivyovitoa, hata kama vimevunjika. Nataka pia maelezo ya maandishi ya mahali ilipo zebaki yangu, kwa maana ni sumu na haimwagwi ovyo. Mnirudishie malipo yote, na mgharimie fundi wa zebaki nitakayemchagua mimi, arudishe mtambo, aupake uso fedha upya na kuziba tundu kwa mahogani ya zamani. Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inawataka mfanye kazi kwa uangalifu na ustadi wa kuridhisha.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu, nitafungua madai mahakamani. Picha za kabla na baada nimeziambatanisha, pamoja na nakala ya risiti.

Wenu,
(sahihi)
Mteja