Mandazi ya hamira, Jumamosi hii

Hamjambo wapendwa. Jumamosi kila mmoja anapika kwake, picha zifike hapa kabla ya saa kumi jioni.

Unga wa ngano nusu kilo, sukari nusu kikombe, hamira vijiko 2 vya chai, siagi vijiko 2 vya chakula, iliki, chumvi kidogo, maziwa kikombe kimoja na ziada kidogo pembeni. Maziwa yawe vuguvugu tu. Yakichoma kidole yataua hamira na unga hautaumuka.

Kandeni dakika 10. Donge litanata mwanzoni, tafadhali vumilieni. Mkizidi kuongeza unga, mandazi yatakuwa magumu. Kwa joto la Kisumu, saa moja inatosha kuumuka. Walio Nakuru, kwenye baridi, lipeni donge saa moja na nusu. Kipimo ni donge kuwa maradufu.

Sukumeni unene wa sentimita moja, kateni, yapumzike dakika 15. Msiruke hapa, ndipo yanapopata wepesi. Mafuta yajaribiwe kwa kipande kidogo: kikielea upesi na mapovu, tayari. Yakiwa moto kupita kiasi, ndani hubaki mabichi. Yakiwa baridi, mandazi hunywa mafuta. Wenye jiko la makaa, punguzeni makaa mapema.