Mdogo wangu, tendo la nne lilikuwa lako

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na meseji zangu zina tiki mbili za buluu halafu kimya. Basi naandika hapa, wasome na wengine. Najua utachukia. Chukia, ila usome mpaka mwisho.

Juzi uliandika kwenye grupu la ukoo kwamba sala ya jioni ni ya watu wasio na kazi, kwamba mtu aliyetoka ofisini saa mbili usiku Mungu anamwelewa. Shangazi akakupigia dole gumba. Sikujibu pale kwa heshima ya wazee.

Mama alikuwa hana kazi? Aliyekuwa anaamka saa tisa usiku kuwahi lori la ndizi sokoni Mabibo ni nani? Anarudi miguu imevimba, anaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, na humo humo kwenye beseni anaanza rozari, Ishara ya Msalaba. Akizidiwa na uchovu alikuwa anasema, "Leo tendo moja tu, la marehemu," tukimaliza anasinzia palepale. Na ubishi wake ule! Papa Yohane Paulo wa Pili aliongeza matendo ya mwanga kwenye rozari mwaka 2002, yasaliwe Alhamisi. Alhamisi ya mama ikabaki ya matendo ya furaha mpaka anaingia kaburini. "Papa ana yake, mimi nina ya bibi yenu." Ulikuwa unacheka mpaka unashindwa kuitikia.

Lakini ile Jumanne siisahau.

Matendo ya uchungu, matano, kila tendo na mwenye kuliongoza. La kwanza mama, la pili mimi, la tatu yule binti tuliyekuwa tunakaa naye, la nne wewe, kama siku zote. Ulikuwa umeingia na shati la kazi, viatu hujavua, simu mkononi. Tulipomaliza Atukuzwe Baba ya tendo la tatu ukasimama. "Mama, nimechoka. Mungu anajua." Ukaenda chumbani. Mlango hukuubamiza, hiyo haki yako nakupa. Mama akatangaza, "Tendo la nne, Yesu anachukua Msalaba," akanyamaza. Nikafungua mdomo niendelee, akanizuia kwa mkono. "La mwenyewe hilo." Tukakaa. Kidole gumba chake kiko juu ya ile punje ya Baba Yetu, anaisugua, anaisugua. Kutoka chumbani tukakusikia unacheka na simu.

Akaliruka. Akaingia la tano, tukamaliza na litania. Usiku nilimsikia kitandani kwake ananong'ona, anamalizia lile la nne peke yake. Hakukwambia. Mimi ndiye nakwambia.

Halafu kwenye msiba ukaongoza rozari wewe, siku zote za matanga. Sauti ilivyokutoka! Wanajumuiya wakasema mtoto wa marehemu kalelewa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua masufuria, "Raha ya milele umpe ee Bwana" yako nikaiitikia kutoka hukohuko.

Sikuandikii kukusuta tu. Kuchoka nakujua, kwa hiyo nisikilize: usisubiri mpaka ule. Ukishashiba ugali, imekwisha. Sali kabla hujawasha televisheni, hata umekaa, hata na viatu vyako. Ipitie siku: nani ulimjibu vibaya, nani ulimzungusha "njoo kesho" wakati karatasi yake iko mezani kwako. Tubu, Baba Yetu, Salamu Maria tatu, waombee marehemu, lala. Mama angeridhika na hizo tatu. Ungemwambia tu, "Mama, leo tufupishe," angefupisha.

Wala usije ukasema "na wewe dada si unasali kwenye basi la mwendokasi?" Ndiyo, nasali kwenye mwendokasi, nimesimama, kwapa la mtu liko puani. Kivukoni hadi Kimara rozari inaisha na litania juu. Lakini mimi sijamwacha mtu nyumbani ananisubiri na punje mkononi. Ni tofauti, na unajua ni tofauti.

Najua pia utanirushia Waefeso, jua lisichwe mtu bado ana uchungu. Ndilo somo la Jumatano kwenye sala ya kabla ya kulala wanayosali masista, nami nalisoma kila wiki nikiuwaza uso wako. Paulo hakuwa na mdogo kama wewe. Halafu nani kakaa na uchungu hapa? Pasaka nilikupigia. Krismasi nilikupigia. Mkeo alipougua nilituma hela, nikaambiwa "imefika" na yeye, si na wewe. Mtu akiuliza nani kaanza kununa, asinitazame mimi.

Umekonda kwenye ile picha. Vumbi la Dodoma na kifua chako havipatani, funika mdomo asubuhi. Sweta lako la kijivu nimelifua, lipo kabatini.

Misa ya kumwombea mama nimeiandikisha tarehe 2 Novemba, ya alfajiri. Treni ya umeme ipo tangu 2024, usinidanganye habari za umbali. Njoo jioni ya kuamkia siku hiyo, na mkeo na watoto, vitanda vipo. Rozari tunaanza saa mbili kamili, na mimi simsubiri mtu.

Dada yako